Kamera juu ya pikipiki: ilitoka wapi, na inaona nani?

Si ajabu leo kumwona motari aliyefunga simu kwenye usukani au kamera ndogo juu ya kaske, akirekodi safari yake yote. Wengi wanadhani jambo hili lilikuja na simu za kisasa. Hapana. Lina zaidi ya miaka 50.

Mwaka 1971, huko Marekani, Bruce Brown alitoa filamu juu ya mashindano ya pikipiki, iitwayo On Any Sunday. Alitaka mtazamaji aone njia kama mwendeshaji anavyoiona. Kwa hiyo kamera za filamu zilifungwa kwenye kaske. Ilikuwa kazi nzito. Tena filamu ilikuwa ghali: ruli ya kawaida ya futi 100, ya milimita 16, inaisha kabla ya dakika 3. Kila sekunde ilipaswa kuchaguliwa kabla ya kuwasha kamera.

Brown alikuwa ametokea kwenye filamu za watu wanaoteleza juu ya mawimbi ya bahari. Mmarekani mwingine, Nick Woodman, alipita njia hiyohiyo. Naye alikuwa mtu wa mawimbi, akaanzisha GoPro mwaka 2002. Kamera yake ya kwanza, ya mwaka 2004, ilivaliwa mkononi kama saa na bado ilitumia filamu. Ile ya mwaka 2006 ilirekodi video ya sekunde 10 tu. Mwaka 2009 ikaja yenye picha safi kabisa, na waendesha pikipiki wakaichukua. Sababu ni moja: anayeshika mawimbi na anayeshika usukani, wote hawana mkono wa kushika kamera.

Mahali pa kuifunga panabadilisha picha. Kwenye kaske, kamera inafuata macho, lakini inaongeza kitu kigumu kichwani. Kutoboa kaske ili kuifunga ni kuidhoofisha. Kifuani, inaonyesha mikono na usukani, na mwili unapunguza mitikisiko. Kwenye usukani, mtikisiko wote wa injini na mashimo unaingia ndani ya picha. Mwezi wa 9 mwaka 2021, kampuni ya Apple ilionya kwamba mitikisiko ya pikipiki zenye injini kubwa inaweza kuharibu kamera za iPhone, kwa sababu ndani mna vipande vidogo vinavyosogea ili kutuliza picha.

Mwaka huohuo, sisi wa Kivu ya Kaskazini tulijionea maana ya kamera mikononi mwa raia. Tarehe 22 Mei, volkano ya Nyiragongo ililipuka, na lava ikakata barabara ya Goma kwenda Rutshuru. Tarehe 27, sehemu ya mji iliamriwa kuhama, na watu kwa maelfu wakaelekea Sake, kwa miguu, kwa gari na kwa pikipiki. Picha nyingi tulizoziona zilitoka kwenye simu za raia. Zilisaidia familia kujua njia ipi bado inapitika.

Lakini hapa ndipo historia inatuachia deni. Wakati wa Brown, kazi ngumu ilikuwa kunasa picha. Leo kamera inarekodi saa nzima bila kuchagua: mama mwenye godoro kichwani, watoto, mlango wa nyumba iliyopokea waliohama, bariyeri na askari wake. Kamera nyingine zinaandika hata mahali zilipopita. Mtu aliyekimbia anaweza kuwa anajificha kwa sababu ambayo motari haijui.

Basi ndugu motari, uchaguzi ambao filamu ilimlazimisha Brown kuufanya kabla ya safari, wewe ufanye baada ya safari. Zima kamera kabla ya bariyeri, usingoje kuambiwa. Kabla ya kutuma video, itazame yote. Barabara iliyoharibika, daraja lililobomoka, hayo yaonyeshe. Nyuso za waliohama na milango wanamolala, kata.

Na ninyi mliohama, mkiona kamera juu ya kaske, mna haki ya kuuliza: inarekodi?