Asidi ya retinoiki

Asidi ya retinoiki ni zao la vitamini A linaloziamuru chembe changa za damu zikomae. Mwili hujitengenezea kiasi kidogo kutokana na chakula. Ile ya viwandani, iitwayo tretinoini, hutibu aina moja ya saratani ya damu: lukemia kali ya promielosaiti.

Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita, vitamini A inajulikana zaidi kwa jina la matone. Kila Juni na Desemba akina mama hupeleka watoto kliniki. Mhudumu hukata ncha ya kidonge laini kwa mkasi, kisha humkamulia mtoto mafuta yake mdomoni: cha buluu kwa mwenye miezi 6 hadi 11, chekundu kwa aliyetimiza mwaka na hajafika miaka 5. Chanzo kingine ni viazi lishe, ambavyo rangi yake ya chungwa ni karotini inayogeuzwa na mwili kuwa vitamini A. Wasukuma hukausha viazi vitamu kuwa michembe na matobolwa, akiba ya kiangazi. Jua na kukaa sana ghalani hupunguza karotini hiyo.

Ndani ya uboho wa mifupa, asidi ya retinoiki hushikana na kipokezi RARA kilicho juu ya vinasaba. Hapo vinasaba vya ukomavu huamka, na chembe changa huwa chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu. Vitamini A ikipungua, hata madini ya chuma hukwama mwilini bila kutumika, na upungufu wa damu hufuata.

Katika lukemia kali ya promielosaiti, kromosomu za 15 na 17 hubadilishana vipande. RARA huungana na protini nyingine, PML, na amri ya kukomaa huzuiwa. Promielosaiti, yaani chembe changa zisizokomaa, hujazana kwenye uboho, mgonjwa huvuja damu, pengine hadi kwenye ubongo. Leif Hillestad wa Norwe alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1957, wagonjwa walikufa ndani ya wiki chache tu.

Mwaka 1985, mjini Shanghai, daktari Wang Zhenyi alimpa tretinoini mtoto wa miaka 5 aliyekuwa mahututi, akapona. Mwaka 1988 kikosi chake kilitoa taarifa ya wagonjwa 24: dalili za ugonjwa zilitoweka kwa wote, 23 kati yao kwa dawa hiyo pekee. Dawa haikuziua chembe za saratani moja kwa moja; ilizikomaza, nazo zikafa kama chembe nyingine zilizomaliza muda wake. Baadaye iliunganishwa na oksidi ya aseniki, iliyotumiwa kwanza na madaktari wa Harbin. Aseniki ni sumu ambayo aghalabu hukutwa kwenye miamba yenye dhahabu, lakini kwa dozi iliyopimwa huivunja protini mbovu ya PML na RARA zilizoungana. Kwa dawa hizi mbili, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wanaowahi matibabu hupona.

Viazi lishe na matone havitibu lukemia. Vitamini A ikizidi hudhuru ini, na tretinoini huweza kumlemaza mtoto aliye tumboni. Fizi zinazovuja damu na michubuko isiyo na sababu huhitaji kipimo cha damu siku hiyohiyo, na mojawapo ya hospitali za rufaa za Kanda ya Ziwa ni Bugando, Mwanza.