Mwali, Kumbi na Daftari

Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, iko jirani na Pugu na Kisarawe, katika nchi ya Wazaramo. Kabla mitaa yake haijajaa watu wa kila kabila, mafunzo ya vijana wa huko yalikuwa na milango miwili. Mvulana aliingia kumbini pamoja na wenziwe, akatahiriwa, akaimbishwa, akavumilia uchungu mbele ya kundi. Aliyelia alichekwa; lakini kicheko hicho kilikuwa na washirika, na wote walitoka siku moja wakiwa wanaume.

Msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani peke yake. Alikuwa mwali kwa miezi, na zamani hata kwa miaka. Alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti, amtunze mfano wa mtoto, huku shangazi na makungwi wakimfunza kwa fumbo na wimbo. Tuzo ilikuja mara moja tu, siku ya kutolewa nje: akapambwa, akachezewa ngoma, akatunzwa. Marja-Liisa Swantz wa Ufini, aliyetoa kitabu juu ya mila za Wazaramo mwaka 1970, aliyaeleza hayo kwa kirefu. Wapenzi wa tenzi hawatastaajabu. Mwana Kupona naye, alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858, alifunza kwa kuonyesha radhi iliyo mbele na hasara ya kuikosa.

Skuli ilikuja na mizani nyingine. Pugu, hapo karibu, palikuwa na skuli ya wavulana ya Wakatoliki, alikofundisha Julius Nyerere hadi mwaka 1955. Mvulana aliyefaulu alipata cheo. Aliyeshindwa alirudi shambani alikotoka, wala hakuwa amepoteza alichokuwa nacho. Mpango wa elimu kwa wote wa mwaka 1977 uliwaleta wasichana darasani karibu sawa na kaka zao. Hasara, hata hivyo, haikugawanywa sawa. Msichana aliyepata mimba alifukuzwa, na kanuni za mwaka 2002 zikaipa desturi hiyo nguvu ya sheria. Kijana aliyeshiriki kosa hilo aghalabu aliendelea na daftari lake.

Je, basi, wanawake huogopa hasara kwa maumbile yao? Wako wasemao hivyo, na ni maneno mepesi mno. Mwaka 2009 Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List walichapisha habari za jaribio lililofanywa kwa Wamasai wa Tanzania na kwa Wakhasi wa India, ambao mali yao hurithiwa upande wa mama. Kila mtu alirusha mpira ndooni mara kumi. Aliweza kuchagua malipo kwa kila mpira ulioingia, au kushindana na mwingine: akimshinda, alipwe mara tatu, akishindwa, asipate kitu. Kwa Wamasai, wanaume 50 katika mia walichagua kushindana, na wanawake 26 tu. Kwa Wakhasi mambo yaligeuka: wanawake 54, wanaume 39. Kurusha mpira si kusoma, ni kweli. Lakini malezi yameacha alama yake hapo.

Busia, Kenya, lilijaribiwa jambo lililo karibu zaidi na darasa. Mwaka 2001 na 2002 wasichana wa darasa la sita waliahidiwa ufadhili endapo wangekuwa miongoni mwa 15 bora katika kila mia. Alama zao zilipanda, na walimu wakazidi kuhudhuria. La ajabu, baadhi ya wavulana nao walipanda, ilhali hawakuahidiwa chochote.

Tanzania iliwafungulia mlango wanafunzi waliojifungua tarehe 24 Novemba 2021, kwa tamko la Waziri Joyce Ndalichako. Binti aliyefukuzwa mwaka 2002 akiwa na miaka kumi na minne alikuwa, siku hiyo, ametimiza thelathini na mitatu.