Ghorofa, Sakafu na Dari: Maneno ya Makao ya Juu katika Kiswahili

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyapata kutoka Kiarabu, yako yale ambayo watungaji wa kamusi huyapita upesi kwa kudhani kwamba historia yake ni wazi. Ghorofa ni mojawapo. Mwanafunzi huelezwa kwamba asili yake ni ghurfa, yaani chumba, na kwamba katika Kiswahili limepata maana ya tabaka la nyumba. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayajibu swali lililo kubwa: kwa nini chumba kikawa tabaka? Mgeuko wa sakafu ni wa ajabu zaidi. Saqf ya Kiarabu ni paa au dari, kitu kilicho juu ya kichwa. Sakafu ya Mswahili hukanyagwa kwa miguu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba migeuko yote miwili ina chanzo kimoja, nacho ni ujenzi wa nyumba ya mawe ya pwani.

Kwa upande wa sauti hapana utata. Konsonanti zilizofuatana katika ghurfa na saqf zimetenganishwa kwa irabu, kama ilivyo desturi ya lugha. Katika matamshi ya wengi gh ya mwanzo imedondoka, ndipo ikapatikana orofa. Umbo hili ndilo lililotumiwa katika Biblia ya Union Version ya 1952, ambamo mitume waliporudi Yerusalemu walipanda orofani (Matendo, sura ya 1). Hapo orofa ingali chumba cha juu wanamokutana watu, wala si tabaka zima la jengo.

Matumizi hayo yako karibu na Kiarabu cha kale. Kurani, katika Sura ya Az-Zumar, aya ya 20, inawaahidi wacha Mungu ghuraf ambazo juu yake zimejengwa ghuraf nyingine. Yaani wazo la kuinuka limo ndani ya neno lenyewe. Katika Kiarabu cha leo ghurfa ni chumba chochote, hata kilicho chini kabisa. Hivyo kila lugha imerithi nusu ya maana ya kale: Kiarabu kimeshika chumba kikaacha kimo, Kiswahili kimeshika kimo kikaacha chumba. Asemaye kwamba Waswahili wameliharibu neno hili hana budi kueleza ni nani aliyelihifadhi.

Sababu ya mgawanyiko huo haimo katika sarufi. Imo katika nyumba. Fundi wa pwani alijenga kuta nene za matumbawe na chokaa, akalaza boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, ambao kwa kawaida haukuzidi sana mita 3. Juu ya boriti zilipangwa mawe, ukamwagwa udongo wa chokaa na kokoto, kisha ukapondwa kwa miti hadi ukashikana. Kazi hiyo ilipokwisha, nyumba ilikuwa imeezekwa. Lakini uso ule ule uliofunika chumba cha chini ulikuwa tayari kubeba watu, na mwenye nyumba alipopata uwezo aliinua kuta na kujenga juu yake. Saqf ya aliye chini ikawa sakafu ya aliye juu. Jina halikuhama, aliyehama ni mkaaji. Baadaye neno lilishuka pia hadi chini, likaita kila uso wa nyumba uliosakafiwa.

Kwa sababu hiyo paa limebaki na kazi yake tofauti. Nyumba ya makuti ina paa, nalo lina mteremko, halikaliki. Upande wa chini wa boriti ni dari, na neno hilo nalo limepanda, kwani aliye darini yumo katika sehemu ya juu ya nyumba. Katika nyumba za Lamu jiko la juu huitwa kidari cha meko, mahali ambapo moshi hupata njia bila kuwasumbua walio vyumbani.

Makao ya juu si mambo ya juzi. Nyumba nyingi zilizochimbuliwa Gede zilikuwa za chini tu, lakini Wareno waliofika mwaka 1505 pamoja na Francisco de Almeida waliandika kwamba Mombasa ilikuwa na nyumba zilizofikia matabaka matatu. Lamu, tabaka la juu lilikuwa na maana ya ukoo pia. Wazazi waliweza kumjengea binti yao makao juu ya nyumba yao wakati wa kuolewa, naye akabaki karibu na mama yake. Wikio, yaani daraja lililofunikwa juu ya njia, liliunganisha nyumba mbili, na wanawake wakatembeleana bila kushuka barabarani. Katika mazingira hayo ghorofa ni zaidi ya chumba: ni nyumba kamili iliyokaa juu ya nyumba nyingine.

Kutoka hapo hatua ya mwisho ilikuwa fupi. Nyumba ya ghorofa ikafupishwa ikawa ghorofa, na leo msemaji wa Nairobi au Dar es Salaam atajapo maghorofa, hakusudii vyumba wala matabaka, bali majengo yenyewe.

Jambo hili si la kupendeza wanaisimu tu. Hati za wakfu na mirathi za pwani ziliandikwa kwa Kiarabu na watu walioishi katika nyumba za namna hii. Mtafsiri akikuta ghurfa akaandika chumba, pengine anamnyang'anya binti makao mazima. Akikuta saqf akaandika paa, huenda anafuta haki ya mtu kujenga juu yake. Kamusi ya Kiarabu peke yake haitoshi kumwongoza. Anayetaka kujua maana ya maneno haya hana budi kwanza kupanda ngazi ya nyumba yalimotumika.