Zero 11 na 3 mbele yake: historia ya feza yetu



Darasani tulifundishwa hivi: ukigawanya namba kwa 10, mkato (virgule) unahama nafasi moja kwenda kushoto; kwa 100, nafasi mbili; kwa 1.000, tatu. Ukizidisha, unahama kulia. Watoto ninaowafundisha hapa Kasha wanaona ni mchezo tu. Lakini nchi yetu ilifanya hesabu hiyo mara tatu, na kila mara ilifanyika ndani ya mfuko wa wazazi wetu.

Mara ya kwanza ni Juni 1967. Faranga 1.000 zikawa zaire 1. Zaire moja ilikuwa makuta 100, na likuta moja sengi 100. Kwa hiyo sengi 1 ni zaire 0,0001. Hesabu safi. Na zaire moja wakati ule ilikuwa dola 2 za Marekani. Hiyo njo feza wazee wanaisifu mpaka leo.

Kisha utawala wa Mobutu ukachapa noti bila kipimo, bei zikapanda. Mwanzoni mwa 1993 wanajeshi walilipwa kwa noti ya zaire milioni 5. Waziri mkuu Étienne Tshisekedi alikuwa ameikataa, wachuuzi nao wakaikataa. Wanajeshi wakapora Kinshasa, na balozi wa Ufaransa akauawa.

Oktoba 1993 ikaja mara ya pili: zaire milioni 3 zikawa zaire mpya 1. Angalieni vizuri. Milioni 3 si 1 na zero zake tu, kuna 3 mbele! Kuhamisha mkato nafasi sita hakutoshi, lazima ugawanye tena kwa 3. Ile noti ya milioni 5 inakuwa 1,666... na haiishi. Mama wa sokoni arudishe ngapi? Kule Kasai watu waliikataa kabisa feza mpya, wakaendelea na ya zamani: nchi moja, feza mbili.

Mara ya tatu ni tarehe 30 Juni 1998, chini ya Laurent-Désiré Kabila. Zaire mpya 100.000 zikawa faranga 1. Hapa mkato unahama nafasi tano, basi.

Sasa tuunganishe: 100.000 × 3.000.000 = 300.000.000.000. Faranga moja ya 1998 ni zaire za zamani bilioni 300. Mtu aliyeficha bilioni moja ndani ya sanduku angebaki na faranga 0,0033. Hata centime moja haifiki, juu centime ni 0,01.

Mimi naona somo ni hili: mkato hauumbi mali. Mshahara wa milioni 5 na gunia la laki 5, ukigawanya vyote kwa 100.000, unapata 50 na 5. Bado ni magunia kumi. Kinachokula magunia ni mashini ya kuchapa noti. Mwaka 1998 tulipewa hata noti ya centime 1. Mwaka 2012 ikatoka ya faranga 20.000. Mkato ulikuwa umesharudi kulia. Njo maana nyumba ya kupanga tunaihesabu kwa dola.

Neno makuta tungali nalo kinywani, lakini likuta yenyewe ilimezwa na zero. Siku mtu akituambia tena "tupunguze zero," tusimuulize ngapi. Tumuulize nani atazuia zisirudi.