Picha ya babu kwenye kioo

Jamani, nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa nahangaika na picha ya babu, ndiyo pekee tuliyo nayo hapa nyumbani Kibabii. Niliiskani ili niihamishie kwenye sahani ya kioo iliyotengenezwa kwa mkono.

Mara ya kwanza nilichapa kwa rangi. Tulipofungua tanuri, sahani ilikuwa tupu! Rangi zote ziliungua.

Mara ya pili nilitumia printa ya leza, nyeusi tu, kwenye karatasi ya stika inayoachia majini. Baadhi ya tona nyeusi zina oksidi ya chuma, ndugu yake kutu. Kwenye nyuzi 700 na zaidi plastiki ya tona huungua, chuma hubaki na kushikana na kioo kilicholainika. Babu akatoka kahawia.

Nikadhani huu ni ujanja wa zama za kompyuta. Wapi! Mwaka 1756, mjini Liverpool, John Sadler na Guy Green waliapa kwamba kwa saa 6 walichapa vigae vya kauri zaidi ya 1,200. Picha ilipita kwenye karatasi, ikahamia kwenye kigae, kisha motoni. Leza ya Gary Starkweather wa Xerox ilikuja zaidi ya miaka 200 baadaye, na kwa kazi yangu imechukua tu nafasi ya bamba la kuchapia.

Kofia ya babu ina tundu, povu la hewa lilibaki chini ya stika. Nitarudia.