KUFUNGA MKANDA: NYUMBA ZETU KATIKA MIAKA YA UHABA, 1979–1985

Walio darasani wafungue madaftari yao. Walio nyumbani wasikilize huku kazi ikiendelea mkononi, maana somo la leo ni la jikoni na sokoni.

Leo tunasoma historia. Watu wengi hudhani kwamba historia ni habari za wafalme na vita tu. Lakini kipande cha sabuni nacho kina historia yake, na kibaba cha sukari vile vile. Tutatazama jinsi watu wa Tanzania walivyoendesha nyumba zao tangu mwaka 1979 hadi mwaka 1985, wakati vitu vilipoadimika madukani. Kisha tutajiuliza: katika yale waliyoyafanya, lipi lilikuwa akiba, na lipi lilikuwa dhiki tu? Maana mambo hayo mawili hufanana kwa nje, lakini si kitu kimoja.

Uhaba ulitoka wapi?

Uhaba haukuja siku moja, wala haukuwa na sababu moja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Bei ya kahawa, iliyokuwa imepanda sana mwaka 1976 na 1977, ikashuka. Basi nchi ikapata fedha kidogo za kigeni. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Tanzania ilipigana nayo, na tarehe 11 Aprili 1979 mji wa Kampala ukatekwa. Vita ilikula fedha, magari na mafuta. Wakati huo huo bei ya mafuta ya petroli duniani ilipanda: mwaka 1978 pipa moja lilikuwa kama dola 13, na mwaka 1980 lilizidi dola 30. Tena ukapita ukame katika sehemu kadhaa za nchi.

Yapo pia makosa ya hapa nyumbani. Mashirika mengi ya umma yaliendeshwa kwa hasara, na viwanda vingi vilizalisha chini ya uwezo wake kwa kukosa vipuri na malighafi. Kiwanda cha sabuni kisipopata mafuta na dawa zake, hakuna sabuni, hata mama mwenye nyumba awe hodari namna gani.

Vita ilipokwisha, Rais Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Watu walikubali, maana nchi ilikuwa imetoka vitani. Lakini miezi 18 ilipita, na mkanda haukufunguliwa.

Sabuni, sukari na unga

Basi nyumba zilifanya nini? Kwanza, ujuzi wa zamani ulirudi. Sabuni ilipokosekana, watu walichuma majani ya mpapai, wakayaponda na kufulia nguo, kwa sababu majani hayo hutoa povu. Sukari ilipoadimika, chai ilinywewa kwa asali au kwa sukari guru, na wengine waliinywa hivyo hivyo bila kitu. Mafuta ya kupikia yalipokosekana, mboga iliungwa kwa karanga za kusaga, na pwani kwa nazi kama ilivyokuwa desturi tangu hapo. Viatu vilipopanda bei, katambuga zilivaliwa, yaani makubadhi yanayokatwa katika matairi makuukuu ya magari. Koroboi, ile taa ndogo ya kopo na utambi, iliendelea kuwa rafiki wa nyumba nyingi.

Mahindi yetu yalipopungua, mjini ulikuja unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Wengi hawakuupenda, lakini waliula. Watu wa Dar es Salaam waliupa jina la unga wa yanga, kwa sababu ya rangi ya timu ya mpira ya Yanga. Ndivyo walivyo watu wetu: hata njaa wataitafutia utani.

Sasa tazameni vizuri. Kuunga mboga kwa karanga ni akiba, na tena ni chakula bora, kwa kuwa karanga zina mafuta na hujenga mwili. Lakini kumpunguzia mtoto uji ni dhiki. Mtu akisema, "Tumebana matumizi," mwulize kwanza: mmebana nini? Mkipunguza kinachomwagika na kinachooza, mmepata faida. Mkipunguza kile ambacho mwili unakihitaji, mmekopa, na deni hilo mtalilipa hospitali.

Moto wa jikoni

Katika nyumba ya mjini, mkaa ni gharama kubwa, jana na leo. Hapa ndipo penye akiba ya kweli, kwa maana moto mwingi hupotea bure. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi kuliko makavu. Sufuria yenye mfuniko huchemka mapema kuliko iliyo wazi. Mkaa uliobaki, ukifukiwa na jivu au ukizimwa vizuri, utautumia kesho.

Jiko lenyewe pia lina habari. Jiko la bati tupu hutoa joto pande zote. Unapika chakula na unapasha hewa ya nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi wa Nairobi walianza kutengeneza jiko la bati lenye udongo uliochomwa ndani yake. Udongo hushika joto na kulirudisha kwenye sufuria. Jiko la namna hii huweza kupunguza mkaa kwa theluthi moja, au zaidi. Baadaye majiko ya jinsi hiyo yalienea Dar es Salaam pia. Huu ni mfano mzuri wa kubana matumizi: hakuna aliyekula kidogo, wala aliyelala njaa. Ujuzi ndio uliolipa.

Nani aliyelipa?

Lakini historia ya kweli haisemi mazuri tu. Katika miaka ile bidhaa nyingi ziligawanywa kwa kiasi. Sehemu nyingi watu walipata sukari na sabuni kwenye duka la ushirika, au kwa kuandikishwa na balozi wa nyumba kumi. Mgawo wa namna hii ulikuwa na wema wake: asiye na fedha nyingi naye alipata sehemu yake. Ubaya wake ni kwamba penye mgawo huingia upendeleo, na bidhaa hutoroka kwa mlango wa nyuma. Neno ulanguzi likawa midomoni mwa kila mtu. Machi 1983 serikali ilianza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, wakati Waziri Mkuu alipokuwa Edward Sokoine. Watu zaidi ya elfu moja walikamatwa. Hata hivyo uhaba haukwisha, maana kumkamata mficha sabuni hakuongezi sabuni kiwandani.

Na foleni? Foleni ilikuwa kazi isiyo na mshahara. Mara nyingi aliyesimama humo ni mama, au mtoto aliyetumwa na mama. Kutafuta majani ya kufulia, kukoboa na kutwanga, kutembea mbali kwa sababu basi hakuna mafuta: yote hayo yalikula saa za mtu. Basi tukiandika hesabu za nyumba, tusiandike shilingi zilizookolewa tu. Tuandike na saa zilizotumika, na jina la aliyezitumia. Akiba inayompumzisha baba na kumchosha mama si akiba ya nyumba nzima.

Upatu na miradi

Wanawake wenyewe walikuwa na dawa yao ya siku nyingi, nayo ni upatu. Tuseme wako wanawake 10, na kila mmoja hutoa shilingi 20 kila juma. Juma hili fulani hupokea shilingi 200 zote, juma lijalo hupokea mwenzake, mpaka wote 10 wamepata. Fedha haikuongezeka hata senti moja. Faida yake ni kwamba shilingi 20 peke yake huliwa, lakini shilingi 200 hununua sufuria, au doti za kanga, au gunia la mkaa kwa bei nafuu kuliko kununua kopo kwa kopo. Upatu hauna benki wala askari. Unasimama kwa uaminifu tu.

Tena, mshahara ulipokuwa haufiki mwisho wa mwezi, watu walianza miradi. Wake wa wafanyakazi walikaanga vitumbua na maandazi. Wengine walifuga kuku, na wengine walilima mchicha kando ya nyumba. Watu walitambua jambo moja kubwa: matumizi yana mwisho wa kubanwa, na ukifika hapo huna budi kuongeza mapato.

Mwaka 1984 na baada yake

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni waingize bidhaa. Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere aling'atuka, na Rais Ali Hassan Mwinyi akashika uongozi. Maduka yakajaa tena, na mitumba ikaenea. Lakini bei zilikuwa juu. Kwanza watu walikuwa na fedha na bidhaa hazikuwako. Sasa bidhaa zilikuwako na fedha hazikutosha. Ndiyo maana desturi za miaka ya uhaba hazikutupwa.

Kitu kingine kilichobaki ni kalamu. Mwaka 1967 kama theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma. Kwa hesabu za serikali, mwaka 1986 walibaki kiasi cha watu 10 katika kila 100. Mtu anayejua kuandika anaweza kuandika matumizi yake, na matumizi yaliyoandikwa hayajifichi. Ninyi mlio darasani leo mnaweza kuanza kesho: tarehe, kitu, bei. Mistari mitatu kwa siku yatosha. Baada ya mwezi mmoja mtaona wenyewe fedha inapovujia, bila kuambiwa na mwalimu.

Basi, wasikilizaji, tukumbuke mambo matatu. Zuia upotevu kabla ya kupunguza chakula. Hesabu saa za kazi pamoja na shilingi. Na usibebe mzigo peke yako ikiwa jirani anaweza kuushika upande wa pili. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hujaza upesi zaidi mikono ikiwa mingi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Taja sababu tatu za uhaba wa bidhaa baada ya mwaka 1977.
2. Kuna tofauti gani kati ya akiba na dhiki? Toa mfano mmoja wa nyumbani kwako.
3. Watu 12 wanacheza upatu wa shilingi 5,000 kila mwezi. Kila mmoja atapokea kiasi gani zamu yake ikifika?
4. Waulize wazee wawili mtaani kwenu: miaka ile walifulia nini, na nani alisimama kwenye foleni? Andika majibu yao, uje uyasome darasani.