Kikombe cha Fedha: Wajapani na Wazee Wao

Ndugu msomaji, kijiji kidogo chaweza kuifunza nchi nzima. Mwaka 1947 Japani ilikuwa imekwisha shindwa vitani, miji yake imeteketea, na wazazi wengi wamefiwa na wana wao. Katika kijiji cha Nomadani, mkoa wa Hyogo, viongozi waliona kuwa hawatakijenga kijiji chao ila kwa kutaka shauri la wazee. Basi tarehe 15 Septemba, wakati joto limepoa na kazi za shamba zimepungua, waliwaalika wazee wao wakawakirimu. Desturi ile ikaenea, na mwaka 1966 ikawa sikukuu ya taifa, Siku ya Kuwaheshimu Wazee.

Majira hayo yana desturi nyingine za kale. Usiku wa 15 wa mwezi wa nane kwa hesabu yao ya zamani, Wajapani huandaa madonge ya unga wa mchele, majimbi na mabua ya nyasi ndefu, wakakaa kuutazama mwezi mpevu. Jambo hili walilipokea kutoka Uchina zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Mwaka 1873 waliiacha kalenda yao wakafuata ya Wazungu, lakini usiku huo hadi leo huhesabiwa kwa mwezi. Sisi tunaongojea mwezi kuandama twalielewa hilo. Tofauti ni kuwa wao walikuwa wakiongeza mwezi wa 13 kila baada ya miaka miwili au mitatu, ili miezi isitoke katika majira yake. Sisi hatuongezi, ndipo Ramadhani ikauzunguka mwaka mzima.

Kisha huja Higan, siku saba ambazo katikati yake usiku na mchana hulingana. Watu huenda kusafisha makaburi ya wazee wao, na hula wali wa kunata uliofunikwa kwa maharage matamu yaliyopondwa. Hiyo ni ada ya dini yao ya Kibudha, si yetu. Lakini kutomsahau mzazi ni jambo tulijualo.

Sasa zingatia haya. Mwaka 1963 serikali ya Japani ilianza kumtunuku kila aliyetimiza miaka 100 kikombe cha fedha. Wenye umri huo nchi nzima walikuwa 153 tu. Leo wamepita 90,000. Gharama zikaelemea, na tangu mwaka 2016 kikombe si cha fedha tupu tena, bali kimepakwa fedha juu. Hata tarehe 15 iliachwa mwaka 2003, sikukuu ikahamishiwa Jumatatu ya tatu ya Septemba, ili watu wapate mapumziko marefu.

Siwacheki Wajapani, kwani nasi tumo. Heshima ikikabidhiwa hazina hupungua kwa kadiri hazina inavyopungua. Wale wa Nomadani hawakuwa na fedha ya kugawa. Walichowapa wazee ni kuwauliza, na kuuliza hakumalizi mfuko wa mtu. Leo wangapi miongoni mwetu humpelekea mama pesa kila mwezi, wakadhani wamekwisha timiza haki yake, naye ashinda peke yake barazani bila wa kumwuliza neno?

Nawe, msomaji, mara ya mwisho kumtaka mzee wako shauri ilikuwa lini? Kama yu hai, mwendee leo, kabla hujabakiwa na kaburi la kusafisha.

Wabillahi tawfiq.